Vidonge vya Adhuhuri

Ayivu, nje ya Arua
2 Agosti 1976

Dada Sadiya,

Salamu nitazitoa mwisho, karatasi ikibaki. Nimeichana kwenye daftari la jirani, kwa hiyo nivumilie.

Ni mimi, Rosina Ocokoru, binti Ayiko. Usijifanye umenisahau! Tulikua pamoja kambini Jinja, baba zetu wakiwa askari wa kikosi kimoja. Wewe ulinifundisha Kiswahili na matusi yake yote, mimi nikakufundisha kupanda miti. Baadaye baba yako alibaki jeshini mpaka akawa sajenti. Wangu akarudi kwenye jembe.

Sasa jembe lenyewe halishiki. Mwaka wa nne huu anatetemeka. Ilianza mkono wa kulia, tukacheka tukasema ni uzee. Siku hizi mwili wote umekakamaa, namgeuza kitandani kama gogo. Uso wake hauonyeshi kucheka wala kununa, mate yanamtoka, na kijiko kimoja cha uji kinachukua muda wa kupika sufuria nzima ya maharage. Akili yake lakini iko, Sadiya. Ananiangalia ninapomfuta, na anajua ni nani anayemfuta. Daktari mmoja aliyepita misheni alisema ugonjwa huu una dawa, iko duniani. Nikamuuliza iko wapi. Akasema si upande wetu wa dunia.

Wiki iliyopita Candia, yule mama anayepeleka maharage soko la Koboko kwa lori, aliniambia kwamba baba yako, Mzee Lukumani, ana ugonjwa huohuo. Anatetemeka vilevile, ila anatembea mwenyewe mpaka msikitini, kwa sababu mumeo Umaru, ambaye sasa ni mkubwa jeshini, anamletea vidonge kwa ndege.

Sijui kuzungukazunguka. Nigawie. Hata kidogo.

Salamu kwa wote nyumbani. Karatasi imebaki, unaona.

Rosina Ocokoru


Koboko
20 Agosti 1976

Ndugu yangu Rosina,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimejifungia chumbani. Masikini Baba Ayiko! Yeye ndiye aliyenibeba mabegani siku mto ulipofurika.

Nikwambie ukweli. Vidonge ni vitatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri, na jioni. Umaru huviagiza kwa rubani rafiki yake, vinakuja na viatu na pombe za wakubwa wenzake. Kila mwisho wa mwezi akitoka Kampala anakaa kitandani kwa baba na kuhesabu vilivyobaki. Nilimgusia habari za baba yako. Alisema, "Mimi si hospitali ya watu wa shamba." Mume wangu si mtu mbaya, Rosina, ila siku hizi anasema mambo kama hayo na watu wanacheka, basi anazidi.

Lakini sikiliza. Wiki ijayo mwezi unaandama. Baba ni mgonjwa na dini imemruhusu kula, lakini nani atamwambia? "Nilifunga Burma na Wajapani wakitupiga mizinga, nitashindwa kufunga Koboko?" Basi atameza kidonge wakati wa daku na kingine akifuturu. Cha adhuhuri hakina mtu. Umaru atahesabu atakuta vitatu kwa siku vimeondoka, na mahesabu yake yatakuwa sawa.

Candia atakuletea saba kila wiki ndani ya chupa ya mafuta ya nywele. Mpe kimoja kila siku, saa ileile. Mwambie ni salamu za Lukumani.

Sadiya


Ayivu
12 Septemba 1976

Sadiya, Sadiya, Sadiya!

Nikuandikie nini? Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu, nikakutukana kidogo, nisamehe. Siku ya nne, muda mfupi baada ya kidonge, nilikuwa nje natwanga muhogo, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Nikageuka. Baba amesimama mlangoni! Amejifunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote, mpaka cha shingoni.

Nililia kama mjinga. Akasema, "Unalia nini, muhogo iko inamwagika."

Anapata saa tatu kila siku, halafu mwili unamfunga tena pole pole. Lakini saa tatu hizo! Ananawa. Anakula mwenyewe. Anakwenda chooni bila mtu, na wewe na mimi hatuijui thamani ya hilo. Juzi alitembea mpaka kwenye mtama akawafukuza ndege kwa mawe, na akamkosa kila mmoja.

Jumapili mchungaji alimkuta amekaa nje, akataka kuimba wimbo wa shukrani. Baba akamwambia shukrani zipelekwe Koboko, kuna Mwislamu anakaa na njaa kwa ajili yake. Mchungaji hakujua aitikie amina au afanyeje.

Kila jioni ananiuliza, "Lukumani bado amefunga?" Namwambia bado. Anatikisa kichwa. Anasema huyo mtu tangu zamani alikuwa mkaidi.

Mungu wako na wangu wakuongezee.

Rosina


Ayivu
18 Oktoba 1976

Sadiya,

Idd yenu imepita na chupa haikuja. Nilijua haitakuja, uliniambia. Lakini kujua ni kitu kimoja, kuona ni kingine.

Amerudi kitandani. Si kama zamani, ni vibaya zaidi, kwa sababu sasa anakumbuka. Siku tatu za kwanza alijaribu kuamka saa ya kidonge. Nilimkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta, kimya, hakuita hata jina langu. Nafikiri aliona aibu. Sasa hajaribu tena. Bora usingenipa kabisa! Mtu aliyezaliwa gizani hauliziulizi jua.

Hapana, sikumaanisha hivyo. Nimeandika kwa wino, haifutiki.

Nilimwendea Hajara, yule Mnubi mwenzenu anayeuza mikeka soko la Arua, nikamuuliza kama Waislamu wana mfungo mwingine. Akasema wapo wanaofunga siku sita za Shawali, na wapo wanaofunga kila Jumatatu na Alhamisi, ukitaka thawabu. Sadiya, baba yako hataki thawabu? Jumatatu na Alhamisi tu. Naona haya kuandika, lakini haya yangu haimgeuzi mtu kitandani.

Rosina


Koboko
2 Novemba 1976

Rosina,

Umenikasirisha na sitaficha. Unaniomba nimshindishe baba yangu na njaa kusudi wako asimame. Umeandika kama mtu anayeomba kuazima sufuria.

Wewe hukuona alivyomaliza mwezi ule. Hukuona adhuhuri zake. Uliandika habari za vifungo vya shati, mimi sikuandika kwamba saa hizo hizo wangu alikuwa amekauka kwenye kiti akingoja jua lizame, na mimi nikimpepea. Sikutaka kukuharibia furaha.

Tena kuna jambo jingine. Akili yake imeanza kuteleza. Jana aliniuliza mama amekwenda kwa nani, mbona harudi. Mama tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Nikamwambia, akalia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Leo kaniuliza tena. Nimesema amekwenda sokoni.

Usiniombe tena jambo hili.

Sadiya binti Lukumani


Ayivu
9 Januari 1977

Dada Sadiya,

Nilikaa kimya kama ulivyotaka. Miezi miwili. Sasa maji yamenifika shingoni.

Mgongo wake umefanya vidonda. Kimoja nikikisafisha naona kitu cheupe ndani, sitaki kusema ni nini. Chumvi ya kumkandia hakuna, sabuni hakuna. Duka lenye sabuni ni la wakubwa, na mlangoni kuna askari anayekuuliza wewe ni nani wa nani. Mimi si wa mtu. Krismasi nilimpa mchuzi, ukaingia njia isiyo yake, akageuka rangi mikononi mwangu mpaka nikampiga mgongoni, juu ya vidonda. Aliporudisha pumzi alisema maneno mawili kwa Kiswahili, lugha yake ya jeshini. "Niache, binti."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe ulinijua kabla ya shibe yako. Baba zetu walilala shimo moja Burma na kula sahani moja. Ugonjwa umewakuta sawasawa. Wangu anaoza na wako anakwenda msikitini, kwa sababu wewe uliolewa kwa mahari nzuri na mimi nilikuwa na jembe. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu. Nakupenda na nakulaumu, chukua vyote viwili.

Sikuombi kitu. Nimekwambia tu ili ujue.

Rosina


Koboko
24 Januari 1977

Rosina,

Candia ana chupa. Ndani mna vidonge vinane.

Baba ameamua mwenyewe kufunga Jumatatu na Alhamisi. Usiniulize zaidi.

Sadiya


Ayivu
17 Aprili 1977

Dada yangu,

Nilitaka kukuandikia zamani lakini nilikuwa na kazi ya furaha, shamba. Ndiyo, nimelima! Mtu wa kumgeuza kila saa hayupo, nina mikono yangu tena.

Vidonda viwili vimefunga, kile kikubwa kinajaribu. Mwezi wa pili ulileta vinane, nilivipanga Jumatatu na Alhamisi kama mfungo wenyewe, akawa anasimama siku mbili kwa wiki, zilizobaki analala na kungoja. Halafu mwezi wa tatu Candia akaleta kumi na tano. Mwezi huu thelathini! Nilimshika nguo nikamuuliza kama ameviiba. Anasema Sadiya mwenyewe amemkabidhi.

Thelathini maana yake kila siku. Loo, Mzee Lukumani amekuwa walii? Baba anasema hapana, wakati wa jeshi alikuwa anaficha sukari ya wenzake kwenye soksi, mtu wa namna hiyo hawi walii hata afunge miaka kumi. Alicheka, Sadiya. Uso hausogei vizuri lakini sauti ya kicheko ilitoka.

Anataka kuja Koboko kumshukuru. Anasema katika saa tatu zake lori litafika, akae naye kidogo, arudi amelala kwenye magunia. Nimemwambia nitakuuliza wewe kwanza. Aje lini?

Rosina wako


Koboko
6 Juni 1977

Rosina,

Asije. Barabarani kuna vizuizi, na askari akimwona mzee anatetemeka mbele yake atasema anaficha kitu. Tena baba yangu hapokei wageni akiwa amefunga.

Ampe salamu moyoni tu. Na wewe usimwandikie barua ya kumshukuru, nitakuwa mimi wa kumsomea, na sitaweza.

Chupa ya mwezi huu ni hii. Mafuta ya nywele yamekwisha, nimetumia ya dawa ya kikohozi.

Sadiya


Koboko
3 Agosti 1977

Rosina,

Baba alifariki Ijumaa iliyopita, baada ya alasiri. Tulimzika kabla ya magharibi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sikumwambia imamu wala Umaru wala dada zangu. Soma ukiwa umekaa.

Baba hakuamua kufunga. Baba hakuwa na uwezo wa kuamua hata avae kanzu ipi. Barua yako ya vidonda ilipofika nilikaa nayo wiki mbili. Kisha Jumatatu moja, kabla ya alfajiri, nilimwamsha nikamwambia, "Baba, mwezi umeandama. Amka ule daku." Rosina, laiti ungemwona! Aliamka amefurahi, akanishika kichwa, akasema, "Alhamdulillahi, tumeifikia nyingine." Kesho yake alikuwa ameshasahau. Alhamisi nikamwambia tena, akafurahi tena vilevile.

Nilisema siku mbili kwa wiki zitatosha. Ndipo ukamtuma Candia aniambie kwamba siku nyingine analala na kungoja. Nikafanya siku nne. Tangu Aprili nimefanya kila siku. Kila jioni aliuliza, "Leo ya ngapi?" Nikamwambia ya pili, ya tisa, chochote kilichokuja mdomoni. Wakati mwingine aliuliza mbona Ramadhani hii ina joto hivi, au mbona majirani wanapika mchana. Nikamwambia ni wasafiri.

Mgonjwa hafungi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mimi nimemfungisha mgonjwa Ramadhani ya miezi sita, na sikumfungisha kwa ajili ya Mungu.

Kila adhuhuri nilikuwa nakaa mbele yake na kidonge mfukoni. Anakauka, vidole vinasugua vidole, macho yananitazama. Nikawa nasema moyoni, sasa hivi Baba Ayiko anafunga vifungo. Hiyo ndiyo ilinisaidia. Nataka ujue kwamba ilinisaidia, nisikudanganye kwamba niliteseka tu. Nilijiona mtu mwema, Rosina. Katika nyumba hii ya vitu vya ndege, hicho kilikuwa kitu pekee nilichofanya na nikapata usingizi.

Jumatatu ya wiki aliyofariki alikuwa amekauka kuliko siku zote. Adhana ya magharibi ikalia, nikampa kidonge na uji wa futari, kwa haraka, kwa sababu nilimwonea huruma. Koo halikufunguka. Uji ukaingia kifuani. Siku nne za homa, halafu basi. Siku ya mwisho aliniomba maji mchana, kisha akaufunga mdomo akageuza uso ukutani. Nilimbembeleza. Nilimwambia, "Baba, Ramadhani imekwisha, kunywa." Hakuniamini. Mara hii moja niliyosema kweli, hakuniamini.

Ramadhani yenyewe inaanza wiki ya pili kutoka leo.

Umaru alitaka vidonge vilivyobaki ampelekee mama wa mkubwa wake. Nilimwambia nimevitupa chooni, akanipiga kofi. Ni hamsini na viwili. Candia anavyo. Vingine havitakuja tena, hakuna tena mtu wa kuletewa hapa.

Usinijibu kama huwezi.

Sadiya


Ayivu
21 Agosti 1977

Sadiya,

Nilikaa kama ulivyosema. Halafu nikasimama, nikaisoma tena.

Niliomba mimi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Hajara kuuliza mifungo yenu kama mtu anayeuliza bei ya samaki. Mimi ndiye niliyekulaumu kwa karatasi na wino mpaka ukashindwa kulala. Usijibebeshe peke yako. Mzigo huu una mishikio miwili, na mmoja nimeshika mimi.

Chupa niliiweka juu ya dari. Niliapa hatakunywa hata kimoja. Nilisema kila kimoja ni adhuhuri ya Baba Lukumani, nani atameza kitu kama hicho? Siku ya kwanza baba akaniuliza kidonge, nikasema Candia amechelewa. Siku ya pili nikasema lori limeharibika. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kukakamaa, na alijikojolea, na aliangalia pembeni wakati namfuta ili nisione macho yake.

Nilipanda juu ya kiti nikaishusha chupa. Sikufikiri kwa muda mrefu, Sadiya. Ningependa kukwambia nilifikiri sana.

Amesimama tena tangu wiki iliyopita. Leo karibu na adhuhuri nilimsikia anajiandaa kwa maneno, anajifunza atakachomwambia rafiki yake wakionana. Hotuba nzima, na matusi ya jeshini ndani yake. Nilikwenda kumwambia. Wallahi, kama mnavyosema nyinyi, nilikwenda nikiwa na maneno tayari mdomoni. Nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia.

"Lukumani bado amefunga?"

Nikamwambia, "Bado, baba."

Akameza kidonge chake.

Vimebaki arobaini na vitatu. Nimehesabu kwa vidole, vitakwisha wiki mbili na ushei baada ya sikukuu yenu. Siku hiyo sitamwambia dawa imekwisha, wala sitamwambia lile jingine. Nitamwambia Idd imefika, na Lukumani anakula.

Rosina